Siku moja maishani mwangu: kalkuleta ya baba mdogo ndani ya simu

Saa 11 alfajiri

Hapa Sakina, Arusha, bado ni giza na baridi ya Juni imeingia mpaka jikoni. Nabandika chai ya maziwa yenye tangawizi, nafungua laptopu kwenye meza ya chakula. Mpaka saa 5 muda ni wangu. Baada ya hapo ni wa kampuni ya utalii ninayoiandikia mfumo wa kupokea wageni, kazi inayolipa kodi ya nyumba.

Ninachotengeneza alfajiri hizi ni programu ya simu inayoiga HP-15C, kalkuleta ya kisayansi iliyotoka 1982 na kuacha kutengenezwa 1989. (Kikokotoo ni neno zuri, ila hapa kwetu ukilitaja watu wanafikiria mafao ya wastaafu, kwa hiyo nabaki na kalkuleta.) Ni mashine iliyolala kwa upana, inayoonyesha tarakimu kumi. Vitufe ni 39: safu nne za vitufe kumi kumi, isipokuwa ENTER, ambacho kimesimama wima na kuchukua nafasi ya viwili.

Baba mdogo alikuwa mpima ardhi. Mashine hii ilikaa kwenye mfuko wa shati lake karibu maisha yake yote ya kazi, porini na mjini. Mwaka jana ilianguka sakafuni, kioo kikavuja weusi. Ndani ni nzima, kila kitufe kinafanya kazi, lakini hakuna kinachosomeka. Tangu hapo anahesabu kwa simu huku amekunja uso, kwa sababu kalkuleta ya simu inataka alama ya sawasawa na mabano, na mikono yake haijawahi kufanya hivyo.

Saa 12 na nusu

Kwa asiyeijua: HP-15C haina alama ya sawasawa. Ukitaka kujumlisha 3 na 4 kisha uzidishe kwa 5, unabonyeza 3, ENTER, 4, halafu +. Kioo kinaonyesha 7. Unabonyeza 5, halafu ×, unapata 35. Namba zinapangwa kama sahani kabatini, na kila alama inachukua sahani mbili za juu na kurudisha moja. Nafasi ni nne, zinaitwa X, Y, Z na T. Rundo likishuka, T inajinakili, kwa hiyo namba uliyoijaza pale inaendelea kushuka kila unapoihitaji. Wapimaji wanaipenda tabia hiyo kwa kuzidisha namba ileile mara nyingi. Nimeiandikia majaribio 40 asubuhi hii, yote yamepita.

Mtindo huu unatokana na Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa Poland, ambaye miaka ya 1920 alionyesha kwamba ukiweka alama mbele ya namba, mabano hayahitajiki. Kwenye kalkuleta wakageuza, alama ikaja nyuma. Nilipomweleza baba mdogo, aliniambia pale kwake Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, wakimbizi wa Vita ya Pili ya Dunia waliokuwa na kambi pale. Ametumia hesabu ya Kipolandi miaka yote hiyo jirani na makaburi yale bila kujua. Alinyamaza kidogo, akasema siku moja tupite pale pamoja.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili.

Kuna jaribio ambalo wapenzi wa mashine hizi wanalijua kwa moyo. Weka kalkuleta kwenye digrii, andika 9. Tafuta sin ya hiyo, kisha cos ya jibu, kisha tan. Halafu rudi ulikotoka: arctan, arccos, arcsin. Kimahesabu unapaswa kurudi kwenye 9. HP-15C inakuambia 9.000417403.

Programu yangu ilikuwa inasema 9.000000000. Ndugu yangu mmoja anayefanya kazi hizi aliniambia niache hapo, kwamba nimeishinda mashine ya 1982. Mimi naona amekosea. Mashine ile inakata kila jibu kwenye tarakimu kumi kabla ya kwenda hatua inayofuata. Cos ya pembe ndogo inakaribia 1, na tofauti yake na 1 ndiyo yenye habari yote. Ukikata tarakimu pale, habari inapotea na hairudi. Ile 0.000417403 ni alama ya kidole ya mashine, na ninayeitengeneza upya sina haki ya kuifuta.

Kwa kawaida simu inafanya hesabu kwa namba za biti 64, zinazohesabu kwa mbili, yaani kwa 0 na 1 tu. Kwa mbili, 0.1 haiandikiki ikaisha, kama vile theluthi moja isivyoisha kwa kumi. Ndiyo maana kompyuta ukiiuliza 0.1 jumlisha 0.2 inajibu 0.30000000000000004. HP-15C inahesabu kwa kumi, kama mtu anavyohesabu kwa kalamu: ndani inabeba tarakimu 13, ikimaliza inarudisha 10. Kwa hiyo nimetupa hesabu zangu zote na kuziandika upya kwa kumi, kitendo kimoja kimoja, sin, log, mzizi.

Kuna njia ya mkato, kuchukua msimbo wenyewe uliochomwa ndani ya chipu na kuuendesha ndani ya simu. Kazi nzuri, ila msimbo ule una mwenyewe na ruhusa sina. Yangu naiandika mwenyewe.

Saa 3 na dakika 10 nabonyeza kitufe cha mwisho. 9.000417403. Nilisimama, nikatoka nje, nikauangalia Mlima Meru uliokuwa umejifunua wote, nikarudi ndani nikarudia jaribio mara tatu.

Saa 5 mpaka saa 8

Kazi ya kampuni. Fomu, tarehe za safari, simu mbili. Wali maharage.

Saa 9 alasiri

Daladala ya Tengeru, kiti cha dirishani, mashamba ya kahawa upande wa juu. Baba mdogo yuko barazani na daftari lake la uwandani la 1986, jalada gumu, penseli tupu.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba mwanangu. Umeileta?”

Anaipokea simu kwa mikono miwili, anaigeuza ilale. Urefu unatosha na kubaki, maana mashine halisi ina milimita 128 tu, lakini kimo cha milimita 79 simu haina, kwa hiyo nimebana safu zikakaribiana. Hilo analiona mara moja. Halisemi, anasogeza tu vidole gumba.

Anaanza na mstari rahisi: pembe ya digrii 47, dakika 30, sekunde 15 kutoka kaskazini, umbali wa mita 80. Anaandika 47.3015, kitufe cha bluu, 2, ili ziwe digrii za desimali. Kisha 80, kitufe cha dhahabu, 1. Kioo: 54.0429, mita za kwenda kaskazini. Anabadilishana X na Y: 58.9861, mita za kwenda mashariki. Haangalii vitufe hata kimoja. Anasoma daftari tu.

“Ni yenyewe,” anasema.

Mstari wa nne ndipo alipokunja uso. Daftari lilisema 112.4635. Kioo kilisema 112.435. Ile 6 haikuwepo. Akarudia taratibu, ikaja. Akarudia kwa mwendo wake, ikapotea tena.

Niliona haya. Tofauti ile ni dakika 2 na sekunde 45 za pembe. Kwenye mstari wa mita 200 bikoni, ile alama ya mpaka, inahama sentimita 16, na watu wamefikishana baraza la ardhi kwa pungufu ya hapo. Yeye hakulaumu. Aliweka kidole kwenye kitufe, akasema, “Mimi nabonyeza la pili kabla sijainua la kwanza. Ile ya zamani ilikuwa inasikia yote mawili.”

Saa 1 usiku

Jibu alikuwa ameshanipa. Simu inakipa kila kidole namba yake. Msimbo wangu ulikuwa unakisikiliza kidole cha kwanza mpaka kiinuke, na kilichogusa katikati kilipotezwa. Mistari 11 ya msimbo nimeibadilisha: sasa kila mguso unasajiliwa pale kidole kinapotua, kiwe cha kwanza au cha tatu, na simu inatetemeka kidogo ili gumba lijue limesikika.

Saa 4 usiku

Nilipiga picha kurasa mbili za daftari lake kabla sijaondoka. Kiwanja chenye kona sita, mistari sita, pembe na umbali. Nimeviingiza vyote kwa vidole gumba viwili, haraka niwezavyo, nikijumlisha kaskazini na mashariki mpaka kurudi bikoni ya kwanza. Kioo kinasema mzunguko umekosa kufunga, yaani kurudi pale pale ulipoanzia, kwa mita 0.0312. Chini ya ukurasa, kwa penseli ya 1986, imeandikwa 0.0312.

Nampigia. Hajalala.

“Umebonyeza la pili kabla ya kuinua la kwanza?”

“Ndiyo, baba mdogo.”

“Mistari yote sita?”

“Yote sita.”

“Haya. Nitumie, kesho asubuhi nianze na ukurasa wa kwanza.”