Kamusi Tutaifungua Mwisho

Nilimaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 1996. Wenzangu wenye ndugu Dar walikwenda Dar kusubiri matokeo. Mimi nilibaki Muheza, na kabla sijazoea kulala mchana mama akawa ameshanitafutia kibarua: kumsomea vitabu mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Upasuaji aliuogopa, na kukaa bila kusoma, kwa maelezo ya mkewe, kulimfanya agombane na kuku. Malipo yangu yalikuwa chai, chakula cha mchana na machungwa ya shambani kwao, na kwa mtu wa Muheza machungwa si malipo.

Nilidhani nitasoma magazeti. Kumbe habari alizipata redioni, alichotaka ni Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa mtawala wa Roma. Tafsiri za Mwalimu Nyerere alikuwa nazo zamani, ile ya 1963 na ile aliyoirekebisha ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Zote ziliazimwa na watu wasiojua kurudisha. Kilichobaki kabatini ni Kiingereza chenyewe, kitabu chembamba ambacho mende walikuwa wameshalionja jalada lake, alichokuja nacho kutoka shule ya Minaki enzi za Waingereza.

"Hiki hakuna anayekiazima," alisema.

Kiingereza changu kilikuwa cha mtihani. Nilijua kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kugeuza sentensi ya kutenda iwe ya kutendwa. Shakespeare nilimsoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nikiruka kila nisilolijua. Mwalimu alisikiliza amefumba macho, vidole vikigonga goti: mapigo matano kila mstari. Nikikosea kutamka, vidole vilisimama.

Tulipofika pale Cassius, mwenye njama ya kumuua Kaizari, anapomsimulia rafiki yake Brutus alivyomtoa Kaizari hoi kwenye mto Tiber, vidole vikasimama ingawa sikuwa nimekosea kitu. Cassius anajifananisha na Aeneas, shujaa wa hadithi za kale, ambaye kutoka kwenye moto wa Troy alitoka "upon his shoulder the old Anchises bear".

"Hiyo bear ni nini?"

Bear niliyemfahamu mimi ni dubu, nikasema hivyo hivyo.

"Dubu yumo, tutamfikia. Huyu siye. Aeneas ana nini begani?"

Nikasoma tena, na maelezo ya chini ya ukurasa nikayasoma. "Baba yake, Mwalimu. Mzee Anchises."

"Basi umeshajua. Andika."

Niliinuka kuifuata kamusi. Alikuwa nayo ile ya Johnson ya 1939, ya Kiingereza kwa Kiswahili, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Akasikia kiti kikilia.

"Kaa chini, binti. Kamusi tutaifungua mwisho, tuone kama na wao wamepatia."

Utaratibu wake ulikuwa huu. Bibi, mkewe, alikuwa na kalenda za ukutani za miaka iliyopita, zile kubwa za kampuni zenye mgongo mweupe. Alizikata kwa kisu vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila nilipokutana na bear nilinakili mstari mzima, nikaandika nani anasema na nani anaambiwa. Tafsiri ilikuwa marufuku. Halafu vikaratasi vilipangwa mezani kwa mafungu, na kila fungu likabanwa kwa kibanio cha nguo.

"Zinazofanana ziweke pamoja," aliniambia. "Kama hujui zinafanana vipi, weka hivyo hivyo."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kamusi kubwa ya Oxford ilitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. James Murray, aliyekabidhiwa uhariri mwaka 1879, aliwaomba wasomaji wa kawaida wanakili sentensi kutoka vitabuni kwenye vikaratasi na kumpelekea kwa posta, naye akajenga kibanda cha mabati cha kuvihifadhi. Vikaja kwa mamilioni. Kazi ilikamilika 1928, Murray akiwa amefariki tangu 1915. Sisi kibanda chetu kilikuwa meza ya kulia, na ikifika saa sita Bibi aliihitaji.

Kikaratasi kimoja kilinichosha kuliko vyote. Ni Cassius tena, amebaki peke yake jukwaani: "Caesar doth bear me hard, but he loves Brutus." Hapa begani hapakuwa na mtu. Kaizari anambeba Cassius? Tena kwa ugumu?

"Acha hiyo bear," Mwalimu akasema. "Shika hiyo but. Mtu akikwambia, fulani mimi ananifanyia hivi, lakini Brutus anampenda. Hivi ni nini?"

"Hampendi. Ana kinyongo naye."

"Andika, lakini usiandike kinyongo."

Dubu wangu tulimkuta kitendo cha pili. Decius anawaeleza wenzake jinsi ya kumchota Kaizari kwa sifa, anataja wanyama na mitego yao: "bears with glasses, elephants with holes". Tembo kwa mashimo, dubu kwa vioo. Mwalimu akapiga kofi la paja. "Huyo, mpokee!" Kikaratasi chake kikawekwa pembeni peke yake, kwa kuwa si kitenzi, na kwa muda wote wa kazi ile kilikaa chini ya chupa ya chumvi.

Baada ya hapo zikaja mfululizo. Antony, rafiki wa Kaizari, mbele ya maiti yake: "Bear with me, my heart is in the coffin there with Caesar." Iliyonisumbua hapo ni with. Mwalimu akauliza umati unafanya nini Antony akisema vile. Unamngoja, nikajibu, machozi yamemshika, wanamngoja. Halafu Antony huyo huyo, hana machozi tena, anamsema mshirika wake Lepidus: "He shall but bear them as the ass bears gold." Punda na dhahabu yake nikawapeleka fungu la Aeneas.

"Punda anajua alichobeba?" Mwalimu akauliza.

"Hajui."

"Na Aeneas?"

Sikukitoa kikaratasi cha punda, ila nilikisogeza chini kabisa ya fungu.

Ugomvi wa Brutus na Cassius hemani tuliusoma mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu Mwalimu aliupenda na mimi nikaanza kuupenda. Cassius analalamika: "A friend should bear his friend's infirmities." Baadaye kidogo, Brutus: "No man bears sorrow better. Portia is dead." Ukisoma harakaharaka unaweza usishtuke kwamba mtu ametangaza kifo cha mke wake.

"Mwalimu, hii si kuvumilia?"

"Nilikwambia usitafsiri." Lakini hakukasirika. "Kuvumilia unaweza ukiwa umelala. Brutus amesimama, ana vita kesho." Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya kanisani: "Kwa uvumilivu, mkichukuliana katika upendo. Waefeso. Sasa Paulo anataka tubebane mgongoni?"

Nikaangalia fungu la Aeneas na punda, nikaangalia la Antony, Cassius na Brutus. Nikatoa kibanio kimoja, nikayaunganisha.

Bibi, ambaye Kiingereza hakukijua, alikuwa mlangoni na sufuria. "Hata mimba huchukuliwa," akasema. "Sasa mtaniachia meza?"

Kikaratasi cha kinyongo kilibaki. Mwalimu alitaka kiwe fungu lake, mimi nikashikilia kiingie kwenye mizigo, maana mwenye kinyongo hutembea nacho. Tulibishana hadi chakula kikapoa, na hakunipa wala sikumpa.

Siku ya kamusi nilipanda juu ya kiti, nikaishusha na vumbi lake, nikamsomea. Kuchukua kulikuwemo. Kuzaa kulikuwemo pia, ambako kwenye vikaratasi vyetu hakukuwako, na Bibi alipoambiwa alisema alitusaidia bure tukampuuza. Mwalimu aliagiza nisome hadi mwisho, polepole, akigonga goti.

"Wamejitahidi," akasema.

Nikaanza kukusanya vikaratasi nikijua tumemaliza. Akaniuliza kama nakumbuka Titinius anasema nini baada ya kumkuta Cassius amekufa. Nilikumbuka: "The sun of Rome is set." Jua la Roma limetua.

"Basi kesho tunaanza set. Mwambie Bibi akate kalenda nyingine."

Leo najua kwamba katika toleo la pili la kamusi ile ya Oxford, la 1989, set ndiyo iliyopewa maelezo marefu kuliko neno lolote. Wakati ule sikujua, nikaitikia sawa Mwalimu. Matokeo yalipotoka tulikuwa tumeshazidiwa na vibanio, na Bibi alikuwa akianika nguo kwa kuzifunga fundo.