Simu ya mama na risasi hamsini

Hapa Texas sheria inaniruhusu kujaza upya risasi za matumizi yangu mwenyewe, gerejini kwangu. Ningekuwa bado Tanga hata wazo lisingenijia.

Nilianza na .38 Special, ya bastola ya silinda. Baruti ya kwanza niliichagua kwa hesabu za dukani: ratili moja ina greni 7,000 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na kipimo changu kwa risasi hakikufika greni 5. Zaidi ya risasi 1,400 kwa kopo moja! Nikajiona mjanja.

Nilichosahau ni ganda. .38 Special ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, na ganda lake lilipewa nafasi ya baruti nyeusi, ambayo hutakiwa nyingi. Baruti ya sasa inayowaka haraka hukaa chini kabisa, kama sukari kwenye kikombe. Ukiimimina mara mbili ganda bado halijai, na kichwa cha risasi kinakaa juu yake bila ubishi wowote.

Usiku mmoja nilikuwa na maganda 50 kwenye kibao, najaza moja moja, mama akapiga simu. Kwake ilikuwa alfajiri, ndiyo kwanza ametoka kuswali, na ana habari za mtaa mzima. Tulipomaliza nikaendelea pale nilipodhani nimeishia.

Jumamosi, uwanja wa shabaha. Risasi ya sita haikulia pa. Ililia kama kizibo cha chupa. Silinda ikagoma kuzunguka. Ganda halikuwa na baruti, fataki peke yake, yaani kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, imesukuma kichwa hadi mwanzo wa mtutu, kikanasa nusu ndani nusu nje. Kingezama kidogo tu zaidi, silinda ingezunguka, nami ningefyatua nyingine nyuma yake. Hapo ndipo bastola hupasuka mkononi.

Nilipokuwa nafungasha vitu nikajiuliza: kama nimeruka moja, nimerudia ipi?

Nikafungua zote 44 zilizobaki kwa nyundo ya kutolea vichwa, nikapima baruti ya kila moja. Ilikuwepo. Moja tu, mara mbili kamili. Mke wangu alisimama mlangoni: "Baba Salma, na hii ndiyo ile kazi rahisi?"

Nikahamia baruti iitwayo Trail Boss. Chembe zake ni vipete vyenye tundu katikati, nyepesi, zinazojaza ganda. Ukirudia kumimina ganda linajaa hadi mdomoni au baruti inamwagika mezani, na unaiona. Kopo linaisha haraka na risasi haina nguvu sana, lakini mimi natoboa karatasi tu. Kipimo nakitoa kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, kwa uzito na aina ileile ya kichwa: changu ni cha madini ya risasi matupu, greni 158. Naanzia kipimo cha chini. Kushuka zaidi ya hapo nako si usalama, kichwa kinaweza kunasa mtutuni vilevile. Nikibadilisha kichwa au fataki, narudi chini kuanza upya. Vipimo vya kuambiwa na rafiki nasikiliza kwa adabu, siandiki.

Mezani kopo la baruti ni moja tu, nisije nikachanganya. Kabla ya kuweka vichwa namulika kibao kizima kwa tochi, ganda baada ya ganda. Simu inabaki jikoni, na mama keshaanza kumwuliza mkwe wake kwa nini siku hizi simpokelei.