Mpunga ulichelewa kukauka, nikapanda hadi maporomoko ya Sanje

Safari yangu ilikuwa ya mchele. Nilitoka Morogoro alfajiri kwenda Ifakara, na basi lilikuwa limeshavuka Kidatu, miwa kulia na kushoto, muuzaji aliponipigia: mpunga umenyeshewa, umeanikwa upya, mashine haikoboi mpaka kesho. Nikaona gesti ya nini wakati mama mdogo yupo Mang'ula. Nikashuka.

Chai ilikuwa bado mezani. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, unapita hapa kila msimu, hujawahi kupanda hadi maporomoko ya Sanje? Twende sasa hivi, jua halijawa kali." Mama mdogo akatufungia viazi vitamu na chupa mbili za maji.

Makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa yapo hapo hapo Mang'ula. Tulilipa kwa simu, Mtanzania kiingilio chake ni nafuu, tukapewa muongozaji. Humo ndani hakuna barabara ya magari. Kila anayeingia anatembea. Tukarudi kwa bodaboda hadi kijiji cha Sanje, njia inakoanzia.

Muongozaji akatazama kandambili zangu. "Dada, na hizo hatupandi." Ikabidi mdogo wangu akaazime raba na soksi nyumba ya jirani na pale kijijini. Tena muongozaji akanitaka nichomekee suruali ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Hatukwenda mbali tukawakuta wamekata njia, msururu mweusi, askari wao wamesimama pembeni taya wazi. Ukiwakuta usisimame kushangaa. Ruka, endelea.

Ukishaingia chini ya miti joto la Kilombero linabaki nyuma, ila mlima ni mlima. Kilichonisaidia ni kufuata mwendo wa muongozaji: hatua fupi, pumzi kwa pua, mapumziko mafupi kabla hujachoka. Kwenye kituo kimoja alituonyesha mbega wekundu juu ya matawi, kisha akatusimulia habari za mangabei wa Sanje, aina ya kima. Wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu, baada ya kusikia mlio wasioutambua kwenye msitu huu. Wanakijiji walikuwa wakimfahamu siku zote. Hadi leo kima huyo haishi mwituni popote duniani nje ya Udzungwa, na nilijisikia fahari kubwa kusikia hayo nikiwa nimesimama kwake.

Maporomoko unayasikia kwanza, halafu upepo unakuletea manyunyu, nguo zinalowa kabla hujaona kitu. Halafu ndiyo hayo: maji yanateremka mita 170 kwenye mwamba mweusi. Tulioga kwenye bwawa la juu, maji ya baridi kweli kweli, na kutoka huko bonde lote la Kilombero linaonekana, miwa na mashamba ya mpunga hadi macho yanapoishia. Viazi vya mama mdogo tulivila hapo.

Kushuka kulinitesa magoti kuliko kupanda. Muongozaji alinionyesha mbinu rahisi: kushuka upandeupande, kisigino kwanza, na fimbo mkono wa upande wa bondeni. Tulifika kijijini jua likiwa bado juu.

Kesho yake nilichukua mchele wangu Ifakara, mkavu safi. Mdogo wangu ameshaniambia msimu ujao nije na raba zangu mwenyewe, twende na mama mdogo.