Siku moja na mashine ya presha, Tudor hadi Nyali

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, nakwenda kugonga tangi. Liko juu ya pikapu, la lita 1000, na usiku wa kuamkia leo maji ya bomba yalikuja saa 8, nikaamka kuyakinga. Nikiligonga kwa kifundo cha kidole na likajibu kwa mlio mzito mpaka juu, najua kazi ipo: kuosha kuta na mbao za nyumba za watu kwa mashine ya presha. Huku kwetu Kisauni, Mombasa, visima ni vingi, na wateja huniuliza mbona nisichote humo. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Chumvi inakula shaba ya pampu, na ikiingia kwenye mbao inabaki humo ikivuta unyevu wa hewa, halafu mafuta uliyopaka kwa jasho hayashiki. Kwa hiyo nakinga ya bomba, na yasipokuja naita lori la maji. Mashine yangu inakunywa lita 13 kwa dakika. Piga hesabu: tangi zima ni saa moja na robo ya kufyatua mfululizo, basi.

Halafu naangalia mbingu. Ni Desemba, vuli inamalizika na kaskazi imeanza kuvuma, lakini upande wa baharini kuna wingu ambalo silipendi. Mwezi huu kila mwenye nyumba anatarajia wageni wa Krismasi kutoka bara, na kila mmoja anataka ukuta na baraza ing'are kabla hawajafika.

Saa 12 na nusu. Mahamri na mbaazi kando ya barabara na vijana wangu wawili. Wakati wanakula nakagua: oili ya mashine, kichujio cha maji, mpira kama umechubuka popote. Klorini inakaa pembe moja ya pikapu, asidi pembe ya mwisho kabisa, na kamba katikati. Viwili hivyo vikikutana vinatoa gesi ya kuua, na hilo nimewaambia vijana siku ya kwanza kabla sijawaambia mshahara.

Saa 1 na nusu. Daraja la Nyali, foleni ya kuingia kisiwani. Hakuna la kusimulia.

Saa 2 na robo. Tudor. Nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, vigae vyekundu vya Mangalore juu, uani kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini. Upande unaopigwa na mvua za kusi ukuta umekuwa mweusi tititi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo nataka uiwashe hiyo mashine mpaka mwisho. Weusi huu umenichosha."

Sikubishana naye. Nilimwomba twende sote mpaka kwenye nguzo ya lango, mahali ambapo mtu mwingine aliwahi kupita na mashine miaka ya nyuma. Lipu imechanwa michirizi kama mchanga wa ufukweni maji yanapotoka. Ndani ya michirizi jiwe limebaki wazi, na ukiinama unaona vitundu vya tumbawe lenyewe, vimepangana kama sega la nyuki, vimejaa kijani. Nilimwomba aweke kidole. Aliposugua, unga mweupe ukamshuka mkononi. Ile ndiyo chokaa inayoshika nyumba yake, na maji yanaingia hapo kila masika.

"Basi fanya unavyojua," akasema.

Ninavyojua mimi ni hivi. Ule weusi ni kitu hai, mwani na kuvu vilivyojishikiza. Ukiupiga kwa nguvu unakata kichwa na kuacha mzizi, na mvua mbili baadaye umerudi. Kwa hiyo tunaanza kwa kumwagia maji asumini na mkilua vya mzee mpaka majani na udongo vishibe, ili dawa ikiruka isipate pa kuingia. Kisha klorini iliyozimuliwa na sabuni kidogo, kwa bomba la mgongoni kama la mkulima, kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, dawa inateremka kwenye ukuta mkavu na kuacha michirizi usiyoweza kuifuta. Dakika 10 mpaka 15, na jua lisiikaushe. Hapo unasimama unaangalia, na kwangu hii ndiyo saa nzuri ya kazi hii: weusi unageuka kahawia, kahawia inafifia kuwa rangi ya chai ya maziwa, na nyuma yake chokaa inajitokeza yenyewe bila mtu kuigusa. Mzee alileta kiti akakaa. Suuza yetu ilikuwa ya nozeli pana, nozeli ndiyo ile ncha inayotoa maji, umbali wa mita nzima, presha ya chini, safari hii kutoka juu kwenda chini.

Kwenye kabro ndipo tuliipa mashine nguvu zake, na vijana walifurahi. Ila kila ukiosha kabro unang'oa mchanga wa kwenye maungio, na usipourudisha matofali yataanza kucheza. Magunia mawili ya mchanga mkavu, ufagio, tumemaliza. Maji yote tuliyaelekeza kwenye udongo wa nyuma, yasifuate mfereji. Mfereji ule unateremka kwenye hori la Tudor, mkono wa bahari, na kule kuna mikoko na watu wanaovua.

Saa 7 mchana. Wali wa nazi na samaki, sala, kivuli. Jua hili hatupaki wala hatumwagi dawa. Simu tatu: mmoja anauliza bei ya "kupiga maji tu", nikamweleza kwamba sifanyi bei bila kuona.

Saa 8 na nusu. Nyali. Hii ndiyo kazi iliyonikosesha usingizi.

Ni deki, sakafu ya mbao ya nje nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 4, mbambakofi, mbao ngumu ambayo mafundi wa pwani wamechongea milango kwa karne nyingi. Tulipofika mara ya kwanza ilikuwa na rangi ya majivu. Jua ndilo linalofanya hivyo: linavunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, mvua inaichukua, na kinachobaki juu ni nyuzi zilizokufa. Wiki iliyopita tuliiosha kwa unga wa oksijeni, ule unaochemka kidogo ukiutia maji, tukasugua kwa brashi kufuata mkondo wa mbao, tukasuuza kwa presha ndogo. Kisha asidi ya oksaliki ya kutuliza ule unga na kuondoa madoa meusi. Ilipokauka kidogo wekundu wake ulirudi, na mama mwenye nyumba alivua viatu akatembea juu yake.

Presha ndogo nilijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza, kwa mteja mwingine, nilifunga nozeli nyekundu, ile ya ncha moja, nikitaka kumaliza kabla ya magharibi. Nilichora mbao zake mistari ambayo ungeweza kulaza kalamu ndani. Siku tatu za msasa, kwa gharama yangu, na mbao nne nilinunua mpya. Ile nozeli haiko tena kwenye kisanduku changu. Inaweza pia kupenyeza maji chini ya ngozi ya mtu, na jeraha dogo kama la sindano likampeleka kwenye upasuaji.

Leo ni siku ya mafuta. Nilitoa kipima unyevu, kile chenye sindano mbili. Katikati ya deki, asilimia 13. Karibu na ngazi, 14. Kona ya kulia, chini ya dirisha la chumba cha kulala, 22. Nikapima tena mara tatu. Sipaki chochote kikizidi 15, kwa sababu mbao iliyojaa maji haina nafasi ya mafuta. Yanakaa juu kama utando, yananata, halafu yanabanduka vipande.

"Mama, leo hatutapaka."

"Mwanangu, wageni wanaingia Jumamosi."

"Najua, mama. Lakini kona hii bado ina maji."

"Jua lote hili la wiki nzima? Kwani maji yanatoka wapi?"

Swali lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu. Kijana wangu mdogo akapendekeza tupake sehemu kavu na kuacha kona. Haifai, maungio ya mafuta ya siku mbili yanaonekana daima. Nikalala kifudifudi pale konani nikachungulia kati ya mbao mbili. Giza, harufu ya ukungu, na baada ya muda nikasikia: to. Kimya. To. Kibomba cha maji cha kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kimechomoka nyuma ya ukuta na kudondokea boriti ya chini, usiku kucha, kila usiku. Mbao ilikuwa ikinywa kwa chini huku sisi tunaianika kwa juu.

Niliona pia skrubu za kona ile. Za chuma cha kawaida, kila moja na duara jeusi kama wanja pembeni yake, kwa kuwa kutu ikikutana na utomvu wa mbao ngumu inatoa wino. Mita chache kutoka baharini skrubu ni chuma kisichoshika kutu, kile cha daraja la 316. Nilikuwa nazo garini.

Saa 10. Kwa hiyo hatukupaka, lakini hatukukaa. Tuliunganisha kibomba na kukipeleka mpaka kwenye mgomba. Tulibadilisha skrubu 18. Tukapitisha msasa namba 60, kisha 80, na hapo tukasimama. Ukilainisha zaidi unaziba vinyweleo na mafuta hayaingii. Mama alikaa kimya ndani kwa muda mrefu, na mimi nilimwelewa, kwa kuwa ukumbi wake ulikuwa umejaa viti vya nje visivyo na pa kwenda. Alipotoka nilimpakia kiganja kimoja tu cha mafuta katikati palipokauka, aone rangi. Mbao ikayanywa mbele ya macho yake. Aliinama akagusa, akanusa kidole.

Mimi harufu ile inanirudisha mbali. Marehemu baba alikuwa fundi wa vyombo, na majahazi walikuwa wakiyapaka sifa, mafuta ya ini la papa, yanayonuka mtaa mzima. Alikuwa hapaki chombo mpaka ameweka shavu lake kwenye ubao. Mimi nina kipima unyevu, lakini kabla ya kukichomeka bado naweka shavu.

Saa 12 jioni. Tunafunga. Kijana akakunja tambara la mafuta akalisukumia kwenye gunia, nikamshika mkono. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na tambara likikunjamana joto halina pa kutokea. Linaweza kuwaka lenyewe usiku ndani ya stoo. Tukalizamisha kwenye ndoo ya maji, tukafunika.

Saa 2 usiku. Kisauni. Naifuta pampu kwa tambara lenye maji matamu, kwa ajili ya ule upepo wa bahari uliokaa juu yake mchana kutwa. Nakausha nozeli, nazipanga.

Saa 4 na nusu. Ujumbe kutoka Nyali: "Nimetoka na tochi. Chini ya kona hakudondoki. Ijumaa alfajiri njoo upime." Nikamjibu nitakuwepo saa 12, kabla ya jua. Wingu la asubuhi limekwenda. Nimeacha koki wazi na mpira ndani ya tangi, ili maji yakija nisikie.