Lami ilinidanganya: nilivyookoa chesisi ya pikapu yangu

Pikapu ilikuwa na miezi 7 tu. Nilikuwa nimeinama kuokota funguo pale mwaloni Kirumba, Mwanza, nikainua macho, nikakuta chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, nyuma ya tairi la kushoto imegeuka kahawia, na kwenye maungio ya kulehemu kutu imeshaanza kuvimba. Gari nililolinunua jipya, viti bado vina nailoni! Siku ile sikula.

Nililirudisha kwa walioniuzia. Kijana mmoja akaingia uvunguni, akamulika kwa simu, akatoka akijipangusa vumbi. "Mama, hii ni kutu ya juu juu tu. Dhamana yetu inahusu bati likitoboka." Yaani nisubiri litoboke ndipo nirudi. Nikawasha gari nikaondoka.

Tangu hapo kila niliyemweleza alikuwa na dawa yake. Madereva wenzangu walisema ziwa letu ni maji baridi yasiyo na chumvi, hatuko Tanga wala Zanzibar, kutu ya Mwanza haina nguvu, hiyo gari imekuja nayo kwenye meli. Wengine wakanishauri nipulizie oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Hilo nililikataa mchana kweupe. Oili inalainisha mipira ya bushi mpaka inavimba, vumbi linaganda juu yake, na mvua ikinyesha yote inateremka ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalolinywa bombani. Nasema wazi: anayekwambia upulizie oili chafu hajali gari lako wala watoto wake.

Ushauri niliokubali, na ndio ulioniumiza, ulikuwa wa kupiga lami chini ya gari ili kuzuia kutu. Fundi mmoja wa Nyakato aliniambia, "Mama yangu, nikishapiga hii, maji hayataiona chesisi yako tena." Akaosha haraka haraka, akapitisha brashi ya waya mahali palipoonekana, akapuliza. Kufika jioni chini kote kulikuwa kweusi kunang'aa. Nililipa shilingi 150,000 na ushee, nikarudi nyumbani na amani.

Mvua za vuli zilipoisha niliona kitu kama lengelenge karibu na springi ya nyuma. Nikalibonyeza kwa kidole gumba. Likapasuka, maji ya rangi ya chai ya rangi yakanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikashika ukingo wa lami nikavuta, ikabanduka pande zima la urefu wa mkono wangu, kama gome la mti uliooza. Upande wake wa ndani ulikuwa umebeba kutu iliyong'oka tabaka kwa tabaka. Chuma kilichobaki kilikuwa na vishimo ambavyo kabla ya lami havikuwapo. Lami ilikuwa imefungia unyevu ndani, na kutu ikala kwa raha bila kuonekana.

Nilikaa chini palepale kwenye mkeka nikayatazama yale maji yakidondoka kutoka tundu la chesisi. Sijui kilichonituma, nikagusisha kidole, nikaonja. Chumvi. Chumvi kali, ile ninayoijua.

Mimi nabeba kayabo, sangara aliyepasuliwa na kutiwa chumvi, wale wanaokwenda Kongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sisubiri tena kivuko, naweza kwenda Sengerema na kurudi siku moja, kwa hiyo safari zimeongezeka na mzigo umeongezeka. Maji ya samaki yanatoka kwenye matundu ya bodi, na matundu yenyewe yako juu ya chesisi kabisa. Kumbe ziwa halikuwa na kosa, hata meli haikuwa na kosa. Nilikuwa nainywesha chesisi maji ya chumvi kila safari, mimi mwenyewe.

Kubandua lami ndiyo kazi iliyonitesa, siku 3 kwa mkwanguo na mafuta ya taa. Vaa miwani, tafadhali. Nikafukua matundu ya chini ya chesisi kwa waya wa spoku ya baiskeli. Yalikuwa yamezibwa na udongo na magamba ya sangara yaliyogandamana, kila gamba kubwa kama kucha ya kidole gumba, na nyuma yake maji yamekaa. Nikaingiza mpira wa maji nikasafisha ndani mpaka maji yanayotoka hayana ladha. Ndiyo, niliendelea kuonja. Hakuna kipimo kilichonisaidia kuliko ulimi.

Baada ya kukauka siku 2 za jua, grenda yenye brashi ya waya, msasa, halafu dawa ya asidi ya fosforiki inayoigeuza kutu kuwa nyeusi, praima, rangi mikono 2. Hayo kila fundi anayajua. Vifaa havikufika hata nusu ya pesa ya lami.

Ila ndani ya chesisi brashi haifiki, na kutu inayotoboa huanzia huko. Hapo ndipo najivunia. Kaka yangu wa Magu alikuwa na bomba la zamani la kupulizia dawa ya pamba, ameshaliweka kando. Nikaliosha kwa sabuni mara nyingi. Nikachukua mpira mwembamba wa kama mita moja na nusu, nikaziba ncha kwa skrubu, nikautoboa vitundu kuzunguka kwa msumari wa moto. Dawa yenyewe: kilo moja ya nta ya nyuki kutoka Tabora, niliyoiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, nikaongeza oili mpya kama lita 3. Nilipoitoa kabisa motoni ndipo nikaipunguza uzito kwa mafuta ya taa. Usithubutu kumimina mafuta ya taa karibu na jiko.

Mara ya kwanza nta ilinigandia njiani, mpira ukachomoka. Nikaliweka bomba lote ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na moto, na kuanzia hapo ikatiririka kama uji mwepesi. Unasukuma mpira mpaka mwisho wa chesisi, unapampu, unauvuta taratibu. Ukiona nta inadondoka kwenye matundu ya chini, ujue kuta za ndani zimelowa. Breki na ekzosi nilivifunga kwa viroba kabla sijaanza, na bushi pia.

Kisha nikaondoa chanzo. Kila tundu la bodi nimelivalisha kipande cha mpira kinachoyatoa maji nje, mbali na chesisi, na chini ya kayabo natandika turubai lililokunjwa kingo. Kila nikirudi safari, naosha chini kwa maji ya bomba siku hiyohiyo.

Masika nzima imepita. Juzi nimepenyeza kamera ya simu kwenye tundu la nyuma: nta ipo, ya manjano, imetulia. Yule fundi wa Nyakato alisikia akaja kuchungulia, akalala uvunguni muda mrefu bila kusema. Alipotoka aliuliza, "Mama, hilo bomba unaweza kuniazima?" Nimempa.