Vema ya bluu

"Baba, hii mbona ya bluu?"

Kitinda mimba wetu alikuwa anatafuta karatasi ya kuchorea. Akaingia uvunguni, kwenye lile boksi ninaloahidi kila mwaka kulipanga, akatoka na kalenda ya 2013. Nyuma kweupe kabisa, saizi anayoitaka. Lakini huyu hagusi kitu kabla ya kukikagua. Akaigeuza, akaanza kuhesabu Januari kwa kidole. Vema nyekundu, nyekundu, nyekundu. Alipofika tarehe 17 kidole kikasimama.

Nikamwambia wino mwekundu uliniishia.

"Sasa hii ya 18 ulipata wapi?"

Nikamtuma akaniletee maji ya kunywa.

Mwaka ule niliazimia kukimbia. Nusu saa kila alfajiri, siku 21 mfululizo, bila kuruka hata moja. Kwa nini 21? Kwa sababu kila mtu alikuwa anasema 21: shikilia jambo siku hizo, litageuka mazoea na kuanza kujiendesha lenyewe. Sikuuliza nani kasema. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba namba hiyo inarudishwa kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kuwa wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzizoea sura zao mpya. Yeye alikuwa anazungumzia watu na pua zao. Lile "angalau" likadondoka njiani, na mimi nikaipokea namba tupu, nikaitundika nyuma ya mlango wa jikoni.

Siku kumi na sita za mwanzo hazina simulizi. Niliamka, nikakimbia, nikarudi nahema kama mgonjwa, nikapiga vema. Kama kuna raha niliyoipata, ilikuwa ni ile ya kupiga vema, ule mkono unaoteremka kidogo kisha unapanda kwa mbwembwe, kama mwalimu aliyefurahishwa na daftari. Kukimbia kwenyewe sikukupenda. Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza, nikalinyamazia.

Tarehe 17 usingizi ukanipitia. Nikajisemea, jioni. Jioni nayo ikaja na mambo yake, nikarudi nyumbani watu wameshalala.

Saa tano na dakika arobaini usiku. Namkumbuka yule mtu hadi soksi zake. Amesimama jikoni gizani, simu mkononi inamulika kalenda, na katikati ya safu ya vema kuna kijumba kimoja kitupu. Kwa mwanga ule mdogo kilionekana kikubwa kuliko vyote. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini siku iishe, na nusu saa haiingii ndani ya dakika ishirini. Nilipiga hiyo hesabu mara mbili, kana kwamba jibu lingebadilika.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikaiweka simu juu ya meza, nikaanza kukimbia palepale niliposimama. Kwa soksi. Polepole, nisiamshe watu, magoti yakipanda kwa heshima zote, labda hatua thelathini. Sikuwa najidanganya kwamba hayo ni mazoezi. Nilikuwa natafuta kitu kidogo tu cha kushikilia ili nikipiga ile vema isiwe uongo mtupu, iwe uongo wenye mchanganyiko.

"Nani huyo?" Sauti ya mama watoto kutoka chumbani.

"Mimi."

"Unafanya nini?"

"Naangalia tarehe."

Kimya kirefu. "Imebadilika?"

Sikujibu. Kalamu nyekundu ilikuwa chumbani, ndani ya begi, na kuifuata kungezaa maswali mengine. Nikapapasa juu ya friji, nikapata ya bluu. Nikapiga. Mkono haukupanda kwa mbwembwe zile. Nikiitazama leo naona ni vema iliyolala lala, kama imeandikwa na mtu mwingine.

Asubuhi yake nikakimbia. Nikakimbia hadi tarehe 21, nikamaliza, nikaitangazia nyumba nzima. Tarehe 22 nikaamka nikalala chali, nikingoja mwili uvae viatu wenyewe kama nilivyoahidiwa. Haukuvaa. Tarehe 23 vilevile. Februari ukiifungua ni nyeupe kama karatasi ya dukani.

Kwa miaka mingi nilijua sababu, au nilidhani naijua: ile ya bluu. Nilikuwa nimetoboa ndoo mwenyewe, nitalalamika vipi kwamba haina maji? Kila nilipojiwekea lengo jingine (na nimejiwekea mengi, mnanijua) nilianza nikiwa na deni hilo moyoni.

Halafu nikakutana na utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kule London, uliotoka mwaka 2009. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na jambo lake dogo la kila siku, wengine kunywa maji wakati wa chakula, wengine mazoezi. Mtu wa katikati alihitaji siku kama 66 jambo limkae mwilini. Wengine walikadiriwa 18, wengine 254. Wenye mazoezi walichelewa kuliko wa maji, jambo ambalo ningeweza kuwaambia bila utafiti. Na waligundua kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Nilisoma mstari huo mara kadhaa. Maana yake ni kwamba kile kijumba kingebaki kitupu, nisingepoteza lolote. Na hata ningezikimbia zote 21 kwa haki, huenda tarehe 22 ningelala chali vilevile. Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi kilifanana zaidi na kuambiwa kuwa kesi niliyojifunga nayo miaka yote haikuwa hata na shtaka. Ila bado najiuliza: kama kuruka si kitu, na kujiandikia usichofanya nako si kitu? Watafiti hawakupima hilo. Nani angewaambia ukweli?

Mtoto alirudi na maji, akaniangalia ninavyokunywa polepole kuliko kawaida yangu. Nikamwambia basi, siku ile baba hakukimbia.

Hakushangaa. Alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mtu anaweza kujipigia tu?"

Sasa, yeye naye ana jedwali lake pale mlangoni mwa friji. Nyota moja kwa kila usiku aliosoma kurasa tano. Wazo lilikuwa la mama yake, si langu. Nikamwambia anaweza, lakini. Sikuwa na cha kuweka baada ya "lakini", naye alishaanza kuchora.

Juzi alisinzia kwenye kochi kabla ya kusoma, nikambeba mwenyewe hadi kitandani. Asubuhi nikapita pale jikoni, nikijifanya nafuata chumvi. Nyota ilikuwepo.

Huwa anaamka mapema sana, kabla yetu sote. Inawezekana alisoma.