Kabla hujanunua tangi la upanuzi, pima maji yaliyomo kwenye mabomba

Baridi ikianza kuuma hapa Leeds, Uingereza, simu za Waswahili wenzangu huwa za aina moja: "Kaka, presha ya boila inashuka, kila baada ya siku chache naongeza maji." Swali langu la kwanza ni hili: boila (mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto) ikipata moto, geji inapanda hadi ngapi? Nikisikia inakaribia baa 3 (baa ni kipimo cha presha), naenda moja kwa moja kwenye tangi la upanuzi. Huenda limeishiwa upepo, au mpira wake wa ndani umepasuka, au tangu mwanzo lilikuwa dogo kwa nyumba ile.

Maji yakitoka nyuzi 10 hadi 80 huongezeka karibu asilimia 3, na ndani ya mabomba yaliyofungwa hayana pa kwenda. Ndiyo kazi ya tangi: upande mmoja maji, upande wa pili upepo, katikati mpira. Maji yakitanuka, upepo unabanwa. Pasipo upepo presha inaruka, valvu ya usalama inafunguka kwenye baa 3, na maji yanamwagika nje kupitia kile kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani. Boila ikipoa, geji inasoma sifuri. Mwenye nyumba anaongeza maji mapya, nayo yanaingia na oksijeni mpya, redieta (vile vipasha joto vya vyumbani) zinaliwa na kutu kwa ndani mpaka zinajaa tope jeusi. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mtu anaharibu mfumo mzima huku akidhani anautunza.

Nimetoka kumfanyia kazi mama mmoja, mwenyeji wa Tanga, anayeishi kwenye nyumba ya zamani yenye redieta nzito za chuma cha kusubu. Fundi aliyetangulia alitoa tangi la lita 8 lililokuwa ndani ya boila, akarudisha jipya la lita 8. "Mwanangu, si limebadilishwa juzi tu?" Ndiyo, Mama, lakini hakuna aliyepima maji.

Redieta za kusubu hubeba maji mengi kuliko zile bapa za kisasa, kwa hiyo usikisie kwa idadi ya vyumba. Tulikuwa tumekwisha kumwaga maji yote tusafishe tope, basi wakati wa kujaza upya nikasoma mita ya maji kabla na baada, nikamwomba asifungue bomba lolote. Zikaingia lita 160 hivi. Asilimia 3 ya hizo ni karibu lita 5 zinazotafuta mahali. Tangi la lita 8 lililojazwa upepo wa baa 1 linameza lita 3 na nusu tu geji ikifika 2.5. Hata lingekuwa jipya kila mwezi, lisingetosha. Nikaongeza la pili la lita 12 kwenye bomba la kurudi, karibu na pampu, upande inakovutia maji. Sasa geji inakaa 1.2 likiwa baridi, na likichemka haivuki 2.

Urefu wa nyumba nao una neno lake, kwa sababu upepo wa tangi unabeba uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita 10 za maji ni baa 1. Kwa Mama redieta ya juu kabisa iko mita 7 juu ya tangi, yaani baa 0.7, nami nikaacha upepo wa baa 1. Ukilazimika kupandisha upepo kwa sababu ya ghorofa, nafasi ya maji inapungua, kwa hiyo nunua tangi kubwa zaidi. Likizidi kidogo ukubwa halidhuru kitu.

Dukani chukua jekundu. Jeupe ni la maji ya kunywa na ya kuogea, na jekundu usilifunge huko kamwe.

Kabla ya kununua chochote, hakiki la zamani. Bonyeza kidogo pini ya ile valvu ya kujazia upepo kwenye tangi, inayofanana na ya tairi: maji yakitoka, mpira umekufa. Upepo ukitoka, zima boila, iache ipoe, punguza presha ya maji hadi sifuri, ndipo upime na kujaza kwa pampu ya baiskeli. Ukipima mfumo ukiwa na maji ya presha, geji itakuonyesha presha ya maji, na tangi bovu litaonekana zima. Kama tangi liko ndani ya boila ya gesi, usifungue kifuniko mwenyewe. Mwite fundi aliyesajiliwa Gas Safe (daftari rasmi la mafundi wa gesi Uingereza), na umwombe akuonyeshe geji kabla na baada ya kazi.